Kiti cha Katikati

Jamaa zangu wa Mji Mkongwe na Ng'ambo, nanyi wa mashamba, nanyi mliotawanyika Ulaya na Amerika mnaokuja kututembelea kila likizo, nipeni masikio yenu. Ninalotaka kukusimulieni si la zamani wala si la mbali. Limetokea Kiponda, katika nyumba inayotazamana na yangu, na nimelinyamazia vya kutosha. Sasa nimechoka, kwa sababu kila nikienda kumpokea mtu uwanja wa ndege namwona mama mwengine anatoka anachechemea, na mwanawe ametangulia mbele, simu sikioni.

Ilikuwa alasiri nzuri ya wiki ya harusi. Chini kwa Bi Zeyana wanawake tumekaa juu ya mikeka, tunachagua mchele wa biriani. Juu kunanukia udi, na Dalal, biharusi mwenyewe, anachungulia dirishani kila dakika akiuliza kama simu imelia. Dalal ni mwalimu wa skuli Amani, msichana asiyejua kuficha furaha. Alikuwa anaolewa na Mazin, kijana wa Kiembe Samaki, na kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mama yake.

Mama huyo, Bi Zeyana, alikuwa Toronto, Canada. Alikwenda kumlea mkwewe Ibtisam aliyejifungua mtoto wa kike, mjukuu wake wa mwanzo. Yeye ni mjane, mnene, mcheshi, mwenye goti la kushoto lililoanza kumsumbua tangu mumewe yupo hai. Arubaini ya mtoto ikaisha, na sasa alikuwa anarudi kumwoza binti yake, akifuatana na mwanawe mkubwa, Hisham. Hisham ni mhandisi wa majengo huko Canada, na kazi yake humpandisha ndege kama sisi tunavyopanda ngazi za nyumba zetu. Mkewe na mtoto mchanga walibaki.

Simu ikalia. "Tumeshashuka," Hisham akasema.

Tukaacha mchele kama ulivyo. Tuliokwenda uwanjani ni mimi, Dalal na mama yake mdogo, Bi Sichana.

Hisham alitoka mwanzo. Shati limenyooka, uso umekunjuka, ananukia manukato. Ungesema katoka kitandani kwake sasa hivi. Mama yake alikuwa nyuma, anasukuma kigari cha mizigo. Nilidhani anasukuma, kumbe anakiegemea. Mguu wa kulia umevaa kiatu. Wa kushoto una soksi tupu, na kiatu chake kimelazwa juu ya masanduku.

"Shikamoo mama," Dalal alisema, akambusu mkono. "Kiatu kimefanya nini?"

"Marahaba mwanangu. Kimekataa." Bi Zeyana alicheka. "Nlikivua ndani ya ndege, wakati wa kushuka kikawa hakinitaki tena."

"Mbona mguu umevimba hivi?"

"Uchovu wa safari huo," Hisham alidakia. "Kila mtu huvimba miguu kwenye ndege. Akilala kidogo utanywea."

Kila mtu huvimba miguu. Likumbukeni neno hilo, kwa sababu lilirudiwa nyumba ile mpaka likageuka ukweli. Lakini mtazameni aliyelisema: yeye katoka ndege hiyo hiyo, na viatu vyake vimefungwa kamba vizuri.

Sasa nikurudisheni nyuma, ndani ya hiyo ndege. Haya sikuyaona kwa macho yangu. Bi Zeyana mwenyewe ndiye aliyenihadithia baadaye, kwa sauti ya chini, kama anayesengenya.

Kule Toronto, walipofika kaunta ya kukabidhi mizigo, yule dada wa kaunta alimchekea Hisham. Kwa vile anasafiri sana, amejikusanyia pointi nyingi za safari, na leo kuna kiti kitupu daraja la mbele, safari nzima mpaka Unguja. Si viti viwili. Kimoja. Kiti chenyewe ni kile kinachokunjuka kikawa kitanda, na mtu akaletewa mto, blangeti na chakula kwenye sahani ya udongo.

Hisham akamgeukia mama yake.

"Mama, wamenipa kiti cha mbele. Waonaje?"

"Kizuri hicho?"

"Kizuri, lakini kina vitufe vingi, na kule kila mtu yupo peke yake. Utaona upweke. Huku nyuma kuna watu."

"Basi nenda wewe, mwanangu. Wewe una kazi, unahitaji kupumzika."

Na Hisham akenda. Hivyo tu. Nimemsikia baadaye akijitetea kuwa alimuuliza mama na mama akakataa. Jamaa zangu, mtu asiyejua kama anachopewa ni kitanda atakitaka vipi? Mama huyu hakuambiwa kuwa huko mbele atanyoosha goti lake. Aliambiwa kuna vitufe na upweke.

Yeye akapelekwa nyuma, daraja la kawaida, kiti cha katikati katika vitatu. Upande wa njia amekaa bwana mmoja mpana, ambaye alilala kabla ndege haijakaa sawa hewani. Upande wa dirisha kuna msichana aliyejiziba masikio kwa vyombo vya muziki na kujifunika uso. Kila mmoja amechukua mkono wake wa kiti na nusu ya ule wa pili. Bi Zeyana hakuwa na pa kuweka mikono, akaikunja kifuani. Chini, kati ya miguu yake, aliweka mkoba wenye viatu vya biharusi alivyomnunulia Dalal, kwa sababu aliogopa kuviweka juu visije vikapondwa na masanduku ya watu. Kwa hivyo hata pale padogo pa kuweka nyayo palikuwa nusu.

Ndege haijatulia vizuri, mwanamke wa mbele yake akalaza kiti chake mpaka mwisho. Kile kioo cha kutazamia sinema kikamjia Bi Zeyana karibu na kidevu. Magoti yake yakabanwa na chuma cha kiti kile. Chakula kilipoletwa, kile kimeza hakikuweza kushuka sawa, kikasimama juu ya tumbo lake kimeinama, na yeye akala kwa vidole viwili, viwiko vimegandana na mbavu, akishika bakuli la wali lisiteleze.

"Nkajiona kama nguo iliyokunjwa ndani ya sanduku," aliniambia.

Baada ya chakula akataka kwenda chooni. Akamgusa bwana wa kando mara moja, mara mbili. Yule bwana akaamka, akapumua kwa nguvu, akasimama bila ya kusema kitu. Bi Zeyana goti linamuuma, akashika kiti cha mbele apate kuinuka, na bila ya kujua akashika na nywele za yule mwanamke aliyelala. Mwanamke akaruka, akamgeukia, akasema maneno ambayo Bi Zeyana hakuyafahamu, lakini uso aliufahamu.

"Pole, pole, sikukusudia," Bi Zeyana alimwambia kwa Kiswahili, mikono miwili kifuani.

Alipotoka chooni alimkuta yule bwana kashalala tena, ikabidi amwamshe upya. Na hapo, katika kukaa kwake, alikata shauri: hainuki tena.

"Nkaona basi, nnawaudhi watu," alisema.

Ili asiinuke, hakunywa. Maji yalipita, akatikisa kichwa. Juisi ikapita, chai ikapita. Mhudumu akamuuliza kitu kwa Kiingereza, naye akacheka akasema, "Oke, oke." Sala alisali hapo hapo, amekaa. Ndege ilivuka bahari nzima na nchi ngapi sijui, zaidi ya nusu siku angani, na tangu hapo Bi Zeyana hakuukunjua tena mguu wa kushoto. Baadaye ulianza kumfa ganzi, kisha ganzi ikageuka maumivu ndani ya shavu la mguu, kama nguo inayokamuliwa.

Hisham alikuja mara moja. Alisimama njiani na soksi laini walizomgawia huko mbele, akainama juu ya bwana aliyelala.

"Mama, mzima?"

"Mzima, mwanangu."

"Umekula?"

"Nshakula, alhamdulillahi. Nenda kalale."

Akenda kulala. Walipobadilisha ndege huko nchi za Ghuba, mambo yakawa yale yale: yeye mbele, mama nyuma, katikati.

Mtaniuliza: na wenye ndege je, hawana lawama? Wanayo, tena kubwa. Sikuanza kusafiri jana. Nimepanda nikiwa kijana, na ninapanda sasa, na kila nikipanda naona ule ukuta wa mbele umenisogelea magotini. Matangazo yao yanaonyesha mtu amenyoosha miguu anacheka, lakini picha hiyo hawakuipiga huku nyuma tunakokaa sisi. Wanatuhesabu kama katoni, zikiongezwa mbili tatu, sawa tu. Hilo linaniudhi sana. Lakini shirika la ndege halikuzaliwa na Bi Zeyana. Hisham ndiye aliyezaliwa naye.

Turudi Kiponda.

Siku ya pili mguu haukunywea. Ulikuwa mmoja tu, wa kushoto, umejaa kutoka kifundo mpaka karibu na goti, ngozi inang'aa, na ukiugusa una moto. Wa kulia ulikuwa kama kawaida. Wageni wanaingia na kutoka, wanamkumbatia, wanataka kuona picha za mjukuu, naye anacheka nao huku mguu ameuficha chini ya kanga.

Bi Sichana, mdogo wake, mtu mwema asiye na hila, akasema damu imelala, ikandwe. Akapasha mafuta ya nazi, akamkanda kwa nguvu, kutoka chini kwenda juu, na Bi Zeyana akauma ncha ya mtandio asipige kelele. Mimi nilikuwepo. Nilishika bakuli la mafuta. Sote tulidhani tunamsaidia.

Dalal hakuridhika. Alimkuta kaka yake kwenye ukumbi wa juu, kompyuta mapajani, na mimi nilikuwa napanga vikombe hapo karibu.

"Kaka, tumpeleke mama hospitali."

"Dalal, usimtie hofu. Kila mtu huvimba miguu."

"Mguu mmoja? Mbona wewe hukuvimba?"

"Mimi nshazoea."

"Mlipokuwa ndani ya ndege, alikuwa akiinuka? Akinyoosha miguu?"

Hisham akatazama kompyuta yake. "Nadhani."

"Unadhani vipi, na ulikuwa pembeni yake?"

"Sikuwa pembeni. Nlikuwa mbele."

"Mbele wapi?"

Hapo Hisham akamweleza, kwa maneno machache, na kila neno lilikuwa linatoka dogo kuliko lililotangulia. Dalal alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama ana goti bovu, hajui Kiingereza, na wewe ukamweka katikati ya wanaume ukenda kulala?"

"Alikuwa mwanamme mmoja tu. Na nlimuuliza, akakataa mwenyewe."

"Mama alikataa lini kitu, Hisham? Mama hajapata kusema anataka kitu tangu tumezaliwa!"

Mama akasikia sauti zinapanda. Akaita kutoka chumbani, "Dalal!"

"Naam, mama."

"Njoo hapa. Msigombane wiki ya harusi. Nami hospitali sendi, watu watasema harusi imeingia nuksi. Nkishakuoza ntakwenda."

Basi tena. Mama kasema, na kwetu mama akishasema mambo yamekwisha. Hisham akashusha pumzi kama mtu aliyesamehewa, akarudi kwenye kompyuta yake. Nisemeje? Hasira zilinipanda, lakini ugomvi wa nyumba ya mtu huuingii.

Siku ya hina, baada ya adhuhuri, nyumba ilijaa. Dalal amekaa juu, mikono na miguu imechorwa maua, hina bado mbichi. Wasichana wanaimba. Bi Zeyana alikuwa chini jikoni, akaona sinia ya biskuti za vileja haijapandishwa kwa wageni, na mwenyewe hawezi kukaa na kutazama. Ngazi za nyumba zetu za mjini mnazijua, zimesimama kama ukuta. Akaichukua sinia, akaanza kupanda.

Tulisikia sinia inaanguka. Tulipotoka tulimkuta amekaa juu ya kidato cha katikati, mkono kifuani, mdomo wazi, anatafuta pumzi na haipati. Uso ulikuwa wa rangi ya jivu.

"Kifua," alisema. "Kifua kinanichoma. Sipati..."

Gari haziingii Kiponda. Vijana wakaleta kiti cha mbao, tukamkalisha, tukamfunga kwa kanga asianguke. Wakambeba kupitia vichochoro, Hisham mbele akitembea kinyumenyume, mabega yanagonga kuta kila kona, anasema, "Mama, pumua. Mama, nitazame mimi. Pumua." Watu wa madukani wanatupisha. Dalal akatoka mbio nyuma yetu, hana viatu, mikono ameiinua juu kwa sababu ya hina. Tulipofika barabarani alisahau hina, akamshika mama yake mkono, na kiganja chake chote kikabaki kimechapwa kwenye mkono wa gauni la Bi Zeyana, cheusi na kijani.

Hospitali walimpokea mbio, wakamtia hewa. Daktari aliyemhudumia, Suhaib, alipoutazama mguu aliacha kila kitu akauliza, "Kasafiri karibuni?"

"Kutoka Canada," Hisham alijibu.

"Kwa ndege, mwendo mrefu huo. Alikuwa akiinuka, akitembea? Akinywa maji?"

"Sijui. Sikukaa naye."

"Alisafiri peke yake?"

"Hapana. Nlikuwa naye."

Daktari hakufahamu. "Ulikuwa ndege nyengine?"

"Ile ile," Hisham alisema.

Daktari alimtazama kidogo, kisha akaendelea na kazi yake. Hakumkemea. Nadhani angemkemea ingekuwa nafuu.

Baadaye alitueleza. Mtu akikaa muda mrefu sana bila ya kunyoosha miguu, hasa mtu mzima, mnene, na asiyekunywa maji, damu inaweza kuganda ndani ya mshipa wa mguu. Bonge lile likikatika linapanda na damu mpaka kwenye mapafu, na huko linaziba njia. Bi Sichana akauliza kwa sauti ya woga kama kule kukanda kulidhuru. Daktari akasema hawezi kujua kwa hakika, lakini mguu wa namna ile haufai kukandwa kabla ya kuonwa. Bi Sichana akajifunika uso kwa baibui lake, akalia. Hisham alikuwa amesimama ukutani, mikono yake ina michubuko ya vichochoro, na hakulia. Alikuwa anatazama miguu yake mwenyewe.

Siku zile mbili tatu za mwanzo hatukujua kama ataishi. Lakini hata kauli ilipokuwa haitoki vizuri, Bi Zeyana alishikilia neno moja: nikaha isiahirishwe. Ikafungwa msikitini siku ile ile iliyopangwa, kwa watu wachache. Ukumbi tulioukodi haukufunguliwa. Biriani ikagaiwa majirani, na kila aliyepokea alipokea kwa mkono mzito.

Dalal akasema hawezi kwenda kwa mumewe kabla mama yake hajamwona. Akavaa nguo zake za harusi, na wauguzi, Mungu awajaze kheri, wakamruhusu aingie wodini. Bi Zeyana alikuwa amelala na mipira ya hewa puani. Alimtazama binti yake kutoka juu mpaka chini, viatu vile vya Canada miguuni, machozi yakamtoka pembeni. Alitaka kupiga kigelegele. Kila mama huota kukipiga siku hiyo. Akafungua mdomo, pumzi ikamkatalia. Akainua mkono tu.

Basi wagonjwa wa wodi ile ndio waliompigia biharusi vigelegele. Wanawake waliolazwa na magonjwa yao, hawamjui Dalal wala mama yake, mmoja kakaa kitandani na chupa ya maji imetundikwa juu yake, wakapiga mpaka wauguzi wakaja kutazama. Hisham akatoka nje. Nilimkuta ameinama ukutani.

"Bibi," aliniambia, "kile kiti nlikilalia safari nzima. Hata sikuota."

Nikarudi wodini. Nilijua nikifungua mdomo nitasema yasiyofaa hospitalini.

Bi Zeyana hakufa, alhamdulillahi. Lakini hakurudi kuwa yule. Mapafu yake yameumia, na mguu wa kushoto unavimba kila akisimama. Ngazi za nyumba yake hawezi tena kuzipanda. Nyumba aliyoingia biharusi, akazaa humo na kufiwa humo, ikafungwa, na kila jioni naona madirisha yake yamefumba mbele ya yangu. Sasa anaishi kwa Dalal na Mazin huko Kiembe Samaki, nyumba ya chini isiyo na ngazi, karibu na uwanja. Ndege zinapita juu ya bati mpaka vikombe vinalia kabatini. Daktari kamwambia asisafiri safari ndefu mpaka apewe ruhusa, na yeye mwenyewe kasema hata akipewa haendi.

Hisham alimwomba radhi kabla ya kurudi Canada. Alipiga magoti, nami namshuhudia. Mama akamwekea mkono kichwani, akasema, "Nshakusamehe. Ulikuwa umechoka, mwanangu." Mpaka leo ukimtaja Hisham kwa ubaya mbele yake anakukatiza: mwanangu alikuwa amechoka. Dalal akisikia hivyo hunyanyuka akaenda jikoni. Wala simlaumu.

Nilikwenda kumtazama wiki iliyopita. Nikamkuta ameshika simu, anaongea na Hisham huku anamwona mjukuu wake kwenye kioo. Mtoto keshajua kukaa, mashavu mawili kama maandazi. Bi Zeyana anamwita, anampigia makofi, mtoto anacheka.

"Lini mtamleta nimbebe?" aliuliza.

"Inshaallah, mama," Hisham alisema. "Lakini Ibtisam anasema tungoje akue kidogo. Safari ndefu, kukaa kwenye kiti muda wote ule, mtoto atataabika."

Ndege ikapita juu ya bati, hatukusikilizana kwa muda. Ilipokwisha kupita Bi Zeyana alikuwa bado anatabasamu.

"Kweli," alimwambia. "Msimtaabishe mtoto."

Nikaweka kikombe changu chini, nikaaga.

Mafunzo

Kwanza nasema na nyinyi watoto mliojaaliwa kuwasafirisha wazee wenu. Kikitokea kiti kimoja kizuri, ni cha mama. Usimuulize kama anakitaka, kwa sababu mama zetu hawakufunzwa kutaka. Mchukue mkono, mkalishe, mfundishe hivyo vitufe, kisha rudi nyuma ukabanwe wewe mwenye magoti mazima. Na ikiwa nyote mmo nyuma, kaa naye. Mpe kiti cha kando ya njia, katikati kaa wewe. Muinue atembee mpaka mwisho wa ndege na kurudi, mpe maji, na anapokwenda chooni mfuate. Kumlipia tikiti na kumwacha peke yake kati ya watu asiowajua si kumsafirisha. Huko ni kumpakia.

Nanyi mama zangu, hiyo haya yenu inakuueni. Yule bwana anayelala kando ya njia hatokufa ukimwamsha. Mwamshe mara kumi. Kunywa maji, inuka, nyoosha mguu, na mwanao akikuuliza kama u mzima na wewe huna uzima, mwambie. Kusamehe baadaye ni jambo zuri, lakini kusema mapema kungemwachia Bi Zeyana pumzi zake.

Tena sote: mguu mmoja ukivimba baada ya safari, ukawa na moto na maumivu, msiukande wala msiseme kila mtu huvimba. Mpelekeni mtu kwa daktari siku hiyo hiyo, hata kama nyumba ina harusi.

Wenye ndege nao, ikiwa haya yatawafikia, wajue kwamba wanaowapanga huko nyuma wana magoti.

Sina la kuongeza. Ila wewe unayesoma haya ukiwa umelala kwenye kiti kinachokunjuka, na mama yako yuko nyuma ya pazia, inuka sasa hivi ukamtazame.